Pande la Chuma Lenye Midomo Minne

SWALI: Shikamoo fundi. Mjomba wangu alifariki akaniachia sanduku la spea za magari ya zamani. Magari yenyewe yalishauzwa na hakuna anayekumbuka yalikuwa ya aina gani. Kuna pande moja zito la chuma, lina midomo minne upande mmoja na mmoja mkubwa kwa chini. Limeandikwa C5AE-9430, halafu herufi moja iliyoliwa na kutu, na kando yake 7C14. Zimo pia bolti ambazo nati ya milimita 8 inaingia mizunguko miwili kisha inagoma. Nimeshanunua brashi ya waya ya kufunga kwenye drili nilisafishe lote. Ni kitu gani hiki, na ni cha gari gani?
Msomaji mwenye sanduku

JIBU: Marahaba, na pole sana kwa msiba. Tafadhali, hiyo brashi ya drili irudishe ilikotoka. Nilipokuwa fundi kijana niliisugua pampu ya maji kwa mashine hadi ikang'aa, na tarakimu mbili za namba yake zikaenda na kutu. Pampu ile ilikaa kabatini miaka mingi, nzima kabisa, na sikuweza kumwambia mtu yeyote ni ya gari gani. Mpaka leo naumia nikiikumbuka.

Herufi yako iliyoliwa huenda bado ipo. Loweka sehemu hiyo kwenye mafuta ya taa usiku kucha, isugue taratibu kwa mswaki wa zamani, iache ikauke, kisha pitisha chaki iliyolala bapa juu ya maandishi. Zima taa, mulika tochi kutoka ubavuni. Kivuli huonyesha kile ambacho jicho halikioni mchana. Ukishaiona, weka karatasi juu yake na usugue kwa penseli, ubaki na nakala.

Sasa namba yenyewe. Huu ni mtindo wa Ford. C ni miaka ya 1960, 5 ni mwaka wa tano, yaani 1965. A ni Ford kubwa, jamaa ya Galaxie. E ni idara ya injini. Na 9430 ndiyo inayotaja kitu chenyewe: ni manifoldi ya ekzosi, yaani pande linalokusanya moshi kutoka kwenye injini na kuupeleka kwenye bomba moja, ya upande wa kulia. Ya kushoto ni 9431. Kulia na kushoto hapa ni kwa mtu aliyeketi kwenye kiti akitazama mbele, si kwa aliyesimama mbele ya boneti; wengi hununua upande usio wao kwa kosa hilo. Midomo minne inakubaliana na namba: ni nusu ya injini ya V8, yenye silinda nane, nne kila upande.

Hiyo 7C14 ni siku chuma kiliposubiwa: mwaka wa 7, mwezi wa C ambao ni Machi, tarehe 14. Nasoma 1967. Haiwezi kuwa 1957, kwa kuwa mchoro wenyewe ni wa 1965. Usishangae tarehe hizo mbili kupishana. C5 inakwambia kipuri kilibuniwa lini, na kalibu ile ile iliweza kuendelea kutumika miaka kadhaa baadaye.

Jambo linalowapoteza watu wengi ni hili: namba iliyosubiwa kwenye chuma si lazima iwe namba ya kuagizia. Katika vitabu vya spea vya Ford, herufi ya nne huwa Z. Kwa hiyo tafuta C5AZ-9430, si C5AE. Ukitafuta ile iliyo kwenye chuma peke yake, waweza kuambiwa kitu hicho hakipo.

Ni cha gari gani hasa? Hapo nasita, na wewe usite. Galaxie ya 1965 iliweza kuja na V8 ndogo ya inchi za ujazo 289, au kubwa zaidi za 352 na 390, na manifoldi za ile ndogo haziingiliani na za hizo kubwa. Laza uso wenye midomo minne juu ya katoni, chora kila tundu, kata, kisha linganisha na gasketi za injini hizo.

Kuhusu bolti, usilazimishe nati hata kidogo. Nadhani ni za inchi 5/16, ambayo ni milimita 7.94, ndiyo maana nati ya 8 inadanganyika mwanzoni. Hesabu meno kwenye urefu wa inchi moja: 18 ni hesi pana ya Kimarekani, 24 ni ile nyembamba. Ukipata 22, ni bolti ya Kiingereza, na mjomba alikuwa na gari jingine tusilolijua.

Ukiipata ile herufi, niandikie pamoja na vipimo vya katoni. Na chimbua hadi chini ya sanduku, uone kama 9431 nayo imo.