Jibu: Albamu yangu ya kwanza inasikika kama ya watu watatu

Habari ndugu. Nimekuelewa: nyimbo zako za gitaa la kiasili, za pop na za hip-hop ni nzuri kila moja peke yake, ila zikifuatana zinasikika kama wasanii watatu tofauti.

Anza na sauti yako, biti ziache kwanza. Yalinikuta hayohayo. Nyimbo za gitaa nilirekodi mdomo ukigusana na maiki, hadi pumzi inasikika, halafu mistari ya kurap nikairekodi nikiwa mbali na maiki na kuijaza mwangwi. Ikabidi nirudie zote: maiki ileile, umbali wa shibiri moja, mwangwi mmoja. Nusu ya tatizo ikaisha hapohapo, na niliumia kwamba sikuanza hivyo.

Kisha sikiliza besi. Uzi mnene wa gitaa uko kwenye hezi 82 hivi (hezi ni kipimo cha unene au wembamba wa sauti), na kiki, yaani ile ngoma nzito ya biti, inapiga maeneo hayohayo, kwa hiyo vinagombana. Kwenye nyimbo zenye biti, punguza zile sauti za gitaa zilizo chini ya hezi 100. Wimbo wa gitaa tupu usiuguse, utaukondesha bure.

Mpangilio wa nyimbo siwezi kukushauri kabla sijazisikia. Weka hapa vipande vya sekunde 30.