Soma Kipeo Kabla ya Kugusa Nukta

Wanafunzi wengi wa kidato cha kwanza ninaowafundisha masomo ya ziada huja wakiwa wamekariri kanuni moja ya kuandika namba kisayansi, yaani kama namba ya mbele iliyozidishwa kwa 10 yenye kipeo (ile namba ndogo ya juu, kama 7 katika 10⁷): nukta ikienda kushoto kipeo ni chanya, ikienda kulia kipeo ni hasi. Kanuni hiyo ni sahihi, lakini kwenye mtihani kushoto na kulia huchanganyika kichwani, hasa swali linapotaka namba irudishwe katika maandishi ya kawaida, kwa sababu hapo mwelekeo hugeuka. Ushauri wangu ni kuiacha nukta kwanza na kujiuliza kama namba yenyewe ni kubwa au ndogo.

Chukua Sensa ya mwaka 2022, iliyohesabu watu 61,741,120 nchini Tanzania. Sehemu ya mbele inatakiwa ianzie 1 na isifike 10, kwa hiyo tunaandika 6.174112, na kwa kuwa tumeipunguza namba mara milioni kumi, hatuna budi kuirudishia ukubwa wake kwa kuizidisha kwa 10⁷. Chembe nyekundu ya damu, kwa upande mwingine, ina kipenyo cha takriban mita 0.0000075. Tukiandika 7.5 tumeikuza mara milioni moja, na 10⁻⁶ ndiyo inayoirudisha mahali pake. Kipeo hasi, basi, hakiifanyi namba kuwa hasi, jambo ambalo huwatatiza hata wanafunzi wazuri. Kazi yake ni kugawanya tu.

Kuzidisha ni kwepesi kuliko watu wanavyodhani. Nuru husafiri takriban mita 3 × 10⁸ kwa sekunde, na kutoka kwenye Jua hadi duniani hutumia sekunde zipatazo 500, yaani 5 × 10². Zidisha namba za mbele, jumlisha vipeo, nawe utapata 15 × 10¹⁰. Wengi huweka kalamu chini hapo, ilhali 15 imevuka mpaka. Ukiigawanya kwa 10, ongeza kipeo kwa moja: mita 1.5 × 10¹¹, ambazo ni kilomita milioni 150. Katika kugawanya, kipeo cha pili hutolewa katika cha kwanza.

Kujumlisha ndiko kunakohitaji uangalifu zaidi, nami huona kunapitiwa haraka mno darasani. Katika 6.2 × 10⁷ + 4 × 10⁵, mwanafunzi hushawishika kujumlisha 6.2 na 4, kana kwamba noti za elfu kumi na sarafu za mia ni fedha za thamani moja. Fanya vipeo vilingane kwanza: 4 × 10⁵ ni sawa na 0.04 × 10⁷, na jumla ni 6.24 × 10⁷. Kipeo kidogo kimeongeza kidogo sana, kama ilivyostahili.

Kuhusu kikokotoo, neno moja tu: kikionyesha 3E8, yaani 3 × 10⁸, hiyo si 3⁸. Ya kwanza ni milioni mia tatu, ya pili ni 6,561.

Wanaotumia Excel kutunza orodha za majina hukutana na E hiyohiyo bila kuialika. Programu hiyo hutunza tarakimu 15 tu za namba, hivyo namba ya kitambulisho cha taifa ya Tanzania, yenye tarakimu 20, ikichapwa kama namba ya kawaida huonekana ikiwa na E+19, na tarakimu zake tano za mwisho hugeuzwa sifuri. Kwa sensa, kupoteza tarakimu za mwisho hakubadilishi picha, maana 6.17 × 10⁷ bado inatueleza ukubwa wa taifa. Kwa kitambulisho, kila tarakimu ni ya mtu fulani. Namba za namna hiyo hazijumlishwi wala hazizidishwi, kwa hiyo zipange seli zake ziwe za maandishi kabla hujaanza kuchapa, kwa sababu ukizipanga baadaye, tarakimu zilizopotea hazirudi.