Darasa la pili wanajifunza nini hasa? Jibu la mwalimu wa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) kutoka Mwanza

Dada mleta uzi, ulichoandika nimekisoma mara mbili. Mwanao yuko darasa la pili shule ya serikali pale Igoma, daftari limejaa tiki, lakini ulipompa kipande cha gazeti kilichofungiwa maandazi alikwama mstari wa kwanza. Unauliza huko darasani wanafundishwa nini, na kama umhamishie shule ya mchepuo wa Kiingereza. Wachangiaji wengi wamekimbilia hilo la kuhama. Mimi naanza na la darasani, maana darasa la pili nimelifundisha miaka 11, minne Ukerewe na iliyobaki huku Ilemela, kwenye shule ambayo ukisimama dirishani unaiona mitumbwi.

Kwanza zile tiki. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, watoto waliandikishwa kwa wingi, na mwaka 2017 wakanifikia mimi. Nilikuwa na watoto 118 kwenye mkondo mmoja. Unaandika sentensi tano ubaoni, wananakili, unapita na kalamu nyekundu. Aliyenakili vizuri unampa tiki. Ile tiki inasema mkono wa mtoto umefuata ubao, basi. Haisemi kama alijua alichokiandika. Nimezitoa tiki za namna hiyo kwa maelfu na zinaniuma mpaka leo, kwa sababu wazazi waliziamini. Kwa hiyo usimlaumu mwanao kwamba amekudanganya, na kabla ya kumlaumu mwalimu wake, muulize ana watoto wangapi.

Sasa kinachofundishwa. Tangu mtaala wa mwaka 2015, darasa la kwanza na la pili wamepunguziwa mrundikano wa masomo ili nguvu kubwa iende kwenye Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. Kuna afya na mazingira, kuna michezo na sanaa, lakini KKK ndiyo inayobeba ratiba. Vipindi ni vya nusu saa, kwa kuwa mtoto wa miaka saba au minane zaidi ya hapo anaanza kuangalia kenge juu ya mawe.

Kusoma kwenyewe kuna ngazi. Darasa la kwanza mtoto anajua sauti ya kila herufi na kuziunganisha: mmm, aaa, ma. Angalia, ni sauti, siyo jina la herufi. Wazazi wengi nyumbani wanamfundisha mtoto «em, a, ma», akija darasani anachanganyikiwa, kwani hiyo «em» haimo ndani ya «ma». Darasa la pili tunakwenda kwenye konsonanti zinazoandamana: mb, nd, ny, ng', sh, dh, th, gh, halafu zile nzito kama mbw na nyw. Hapa ndipo wengi wanaposimama. Mtoto anasoma «baba» na «kuku» kama maji, ukimwandikia «ng'ombe» au «nywele» anakutazama. Kisha tunatoka kwenye neno, tunaingia sentensi, tunaingia kifungu cha habari, na mwisho swali: nani alikwenda wapi, kwa nini alirudi?

Hilo swali la mwisho ndilo darasa la pili lenyewe. Mtoto akivuka kwenda darasa la tatu, masomo yanaongezeka, Sayansi na mengine, na huko hakuna tena wa kumfundisha kusoma. Anasoma ili ajifunze kitu kingine. Asiyeelewa anachokisoma anakaa nyuma, kimya, miaka yote iliyobaki.

Nikupe kisa. Nilikuwa na binti mmoja anayesoma vizuri kuliko wote. Ukurasa ulikuwa na picha ya mama anafua, chini pameandikwa «Mama anafua nguo». Anasimama, sauti nzuri, kidole kinatembea chini ya maneno. Siku moja nikaweka kiganja juu ya picha. Akanyamaza. Nikaandika ubaoni «Nguo za mama», akasoma: «Mama anafua nguo.» Alikuwa amesoma picha na kukariri sauti za wenzake kwa miezi, na mimi nilikuwa nampigisha makofi. Toka siku hiyo, kila mtoto wangu nampima peke yake, kwa sentensi ambayo hajawahi kuiona, bila picha. Inachukua wiki mbili kuwamaliza wote, na ndizo wiki zangu muhimu kuliko mtihani wowote.

Kwenye kuandika sitakaa sana. Ni mwandiko, herufi kubwa na ndogo, nukta, na imla. Ila imla ya huku kwetu ina jambo lake. Watoto wengi wanakuja na Kisukuma, wengine Kikerewe, Kijita au Kizinza, na masikio yao hayajazoea kutenganisha «l» na «r». Unatamka «karamu», anaandika «kalamu». «Dhahabu» inaandikwa «zahabu», japo nyumbani wanaisikia kila wiki maana baba au mjomba yuko machimboni Geita. «Thelathini» inakuwa «selasini». Niliwahi kumwona mwalimu mwenzangu akimchapa mtoto kwa kosa hilo, na palepale mbele ya watoto wote nikamwomba aache. Yule mtoto ameandika sawasawa kabisa alichokisikia, yaani kazi ya imla ameifanya. Kilichobaki ni kumfundisha sikio. Mimi nawapanga wawili wawili, mmoja anatamka, mwenzake anainua kadi ya «l» au ya «r», wanabadilishana. Ndani ya muhula mmoja tofauti inaonekana.

Kuhesabu sasa. Darasa la pili wanafika tarakimu tatu: mamia, makumi na mamoja. Wanajumlisha, wanatoa, wanaanza kuzidisha kwa mafungu, wanasoma saa, wanatambua fedha. Zana zetu ni vizibo vya soda, vijiti, na kokoto, ambazo Mwanza hatuwezi kuzikosa. Watoto wanaocheza mdako vizuri huwa wepisi kwenye mafungu ya mbili mbili na tatu tatu, na nimeacha kuwanyang'anya mawe yao.

Pagumu ni kutoa kwa kukopa. Mwaka mmoja niliandika 52 toa 27. Nikaeleza kama nilivyoelezwa mimi: mbili toa saba haiwezekani, tunakwenda kwa jirani, tunakopa kumi. Kijana mmoja akanyoosha mkono: «Mwalimu, tutamrudishia lini?»

Mama yake anauza dagaa pale mwaloni Kirumba, mzigo anachukua kwa mali kauli, akiuza ndipo analipa. Katika nyumba ile kukopa ni jambo zito, lina siku yake na lina mtu atakayekuja kugonga mlango. Na mimi nilikuwa nafundisha mkopo usiorudishwa! Alikuwa hafanyi zile hesabu kwa sababu kwake hazikuwa za kweli.

Kesho yake nikaacha neno kukopa. Nikamwambia: una noti tano za elfu moja na sarafu mbili za mia. Unatakiwa kumpa mtu elfu mbili na mia saba. Utafanyaje? Hakuchukua hata kijiti. «Noti moja naichenji, napata mia kumi. Na mbili zangu, kumi na mbili. Natoa saba, zinabaki tano. Noti zimebaki nne, natoa mbili. Buku mbili na jero, mwalimu.» Nikageuka ubaoni nikaandika tena 52 toa 27, nikamwambia zile noti ndiyo makumi, zile sarafu ndiyo mamoja. Akaja kuandika 25 mwenyewe. Tangu hapo darasani kwangu tunachenji, na naona wanaelewa kwa siku mbili kitu nilichokuwa nahangaika nacho wiki tatu.

Kuna jambo moja ambalo halimo kwenye mtaala wowote na limenisaidia kuliko semina zote. Huku ufukweni mahudhurio yanafuata mwezi wa angani. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi wengi wana za sola na betri. Mwezi ukiwa mpevu taa haivuti dagaa vizuri, wavuvi wanapumzika. Giza likirudi, mitumbwi inaingia alfajiri imejaa, na mzigo lazima uanikwe mapema kabla haujaharibika. Nani anaanika? Kina mama, na watoto wao. Nilipokaa na daftari langu la mahudhurio la mwaka mzima nikalilinganisha na kalenda, nikaona madawati ya nyuma yanakuwa wazi kila baada ya wiki kadhaa, kwa mpangilio uleule.

Nilipogundua hilo nilibadili maandalio yangu. Sauti mpya nafundisha siku za mbalamwezi, darasa likiwa limejaa. Siku za giza narudia, nafanya mazoezi, nawapima waliopo. Fikiria mtoto aliyekosa shule ile wiki ya «ny» na «ng'». Hataonekana mgonjwa, atakuja na daftari safi, ila kuanzia hapo kila sentensi yenye «nyumba» au «ng'ombe» ina shimo katikati. Najua Igoma hamuanikii dagaa, lakini kaa na mwanao uhesabu siku alizokosa mwaka huu, za homa, za msiba, za kusafiri kijijini wakati wa mavuno. Huenda shimo lake limeanzia hapo, na shimo la wiki moja linazibika.

Afya na mazingira pia wazazi wasiichukulie kama somo la kujazia ratiba. Huku ziwani kichocho ni cha kila siku. Zaidi ni kile cha tumbo. Cha mkojo unakikuta sana bara kwenye madimbwi na majaruba ya mpunga. Watoto wanaoga ziwani, wanachota maji, wanaosha vyombo, na konokono wanaobeba ugonjwa wako palepale kwenye majani ya ukingoni. Tunawafundisha choo, kunawa, na kwa nini haja isiende majini. Siku ya dawa wanasimama kwenye fito ya kupimia urefu, idadi ya vidonge inategemea kimo. Wazazi, siku hiyo mtoto aje ameshiba! Anayemeza na njaa anatapika na kuishiwa nguvu, kisha mtaa mzima unasema dawa ni mbaya, mwaka unaofuata nusu ya darasa inafichwa nyumbani.

Michezo ni rede, kuruka kamba, ngoma, kuchora, kufinyanga udongo. Vidole vilivyofinyanga hushika penseli vizuri. Tuendelee.

Sasa la kuhama. Dada yangu, pesa ni yako na mtoto ni wako, lakini mimi nisingemhamisha mwaka huu. Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa, karibu kila herufi ina sauti yake moja. Mtoto akishaielewa kazi ya kuunganisha sauti katika lugha anayoizungumza, anaihamishia lugha nyingine. Kiingereza kina maneno yanayoandikwa hivi na kutamkwa vile, na mwanao hayajui hata maana. Ukimpeleka huko kabla hajaunganisha «nyu» na «mba», atakariri picha kama yule binti wangu, ila safari hii kwa ada. Nimepokea watoto waliorudi hivyo, wana nyimbo nyingi za Kiingereza na hawawezi kusoma kibao cha daladala.

Na tuisheni ya watoto 40 sebuleni kwa mtu haitakusaidia, ni ubao uleule mara ya pili. Mwanao anahitaji dakika kumi na tano kila jioni na mtu mmoja tu, hata dada yake wa darasa la sita. Aanze kwa sauti anazozijua, siku hiyo aongezewe moja asiyoijua, maneno matano yenye sauti hiyo, sentensi moja. Akikosea usimtajie neno zima, mpe sauti ya kwanza umwache aunge. Akimaliza sentensi funika kitabu, muulize imesema nini. Usimchape, usimlinganishe na mtoto wa jirani. Mtoto aliyezoea kuaibishwa kwa kusoma anajifunza kujificha, na wa kujificha ni mgumu kufundisha kuliko asiyejua.

Nenda pia shuleni, asubuhi kabla ya vipindi, umsalimie mwalimu wake na umwombe jambo moja tu: amsikilize mtoto akisoma sentensi mpya mbele yako. Ukimwendea kwa heshima hivyo, sidhani kama atakataa. Mimi sijawahi kumkatalia mzazi.

Jumamosi hii chukua karatasi, andika mwenyewe sentensi tatu bila picha: «Kaka ana kuku.» «Mama ameshona shati.» «Ng'ombe anakunywa maji.» Mpe asome polepole. Uandike hapa amekwama kwenye ipi na kwenye silabi gani, nami nitakuambia uanzie wapi Jumatatu.