Programu ya kuhariri podikasti: ioneshe pa kukata, ukate wewe

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na mdogo wangu tunarekodi podikasti ya video pamoja na wazee waliostaafu kazi ya Gécamines, kampuni ya madini. Simu mbili zinapiga picha, na kinasa sauti kidogo kinakaa mezani. Mazungumzo ya saa moja yanatuchukua siku mbili za kuhariri, sehemu kubwa ikiwa ni kuondoa ukimya na kulinganisha sauti na picha, na umeme ukikatika tunaanza upya. Nasikia kwamba hata asiyejua kuandika programu anaweza kuandikiwa yake na akili mnemba. Je, ni kweli, na tuanzie wapi?
Msomaji, Katuba, Lubumbashi

JIBU: Ndugu msomaji, ni kweli, ila usiombe programu nzima ya kuhariri, kwani ombi kubwa namna hiyo huleta vitufe vya kupendeza ambavyo hukwama siku ya kwanza. Kazi nzito ya kukata na kuunganisha video inafanywa tayari na FFmpeg, programu huria iliyoanzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2000, ambayo ikishawekwa kwenye kompyuta haihitaji intaneti. Akili mnemba itakuandikia tu amri za kuiendesha. Ieleze kazi moja inayowachosha kuliko zote, kama ambavyo ungemweleza kijana uliyemwajiri leo asubuhi: faili ziko folda gani, zinaitwaje, na unataka kupata nini.

Anzeni na ulinganifu. Kabla ya mazungumzo, mmoja wenu apige kofi mbele ya simu zote mbili, ili programu itafute mlio huo katika kila faili. Simu nyingi hazishiki idadi ileile ya picha kwa sekunde, na mara nyingi ndiyo sababu midomo hufuatana na sauti mwanzoni, kisha ikaachana nayo baadaye. Kwa hiyo agiza video zote zigeuzwe kwanza ziwe za picha 25 kwa sekunde bila kubadilika.

Kuhusu ukimya, FFmpeg ina kichujio kiitwacho silencedetect, ambacho hutaja kila mahali sauti iliposhuka chini ya kiwango ulichoweka, tuseme desibeli -35, kwa muda wa sekunde 2 au zaidi. Mvua ikipiga mabati, kichujio hakitaona ukimya hata mmoja, kwa hivyo omba kiwango hicho kiwe rahisi kubadilisha. Lakini programu isikate chochote yenyewe. Iandike orodha katika faili la maandishi, kwa mfano “00:14:07 hadi 00:14:16, kata”, nawe usikilize, ufute mistari usiyoikubali, ndipo uiruhusu ifanye kazi. Mzee akiulizwa habari za mwenzake aliyefia kazini, akanyamaza sekunde 9 kabla ya kulitaja jina, mashine itaona nafasi tupu tu. Wewe uliyekaa mbele yake unajua alikuwa akifanya nini.

Agiza pia kwamba faili za asili zisiguswe kamwe. Mimi niliwahi kunakili amri niliyoandikiwa na akili mnemba, yenye alama ya -y, ambayo huandika juu ya faili lililopo bila kuuliza, nikapoteza mahojiano ya dakika 50. Msaidizi wangu huyo wa mashine aliniomba radhi kwa adabu kubwa. Na kwa sababu ya umeme, kila kipande kinachokamilika kihifadhiwe peke yake, ili mkirudi programu iendelee pale ilipoachia.

Mkitaka maandishi chini ya picha, Whisper, programu ya kugeuza sauti kuwa maandishi iliyotolewa na OpenAI mwaka 2022, inaweza kuendeshwa kwenye kompyuta yenu na inajua Kiswahili, ingawa Kiswahili chetu cha Lubumbashi, kinachoingia Kifaransa na kutoka katikati ya sentensi, huichanganya sana. Msiyarushe maandishi hayo kabla ya kuyasoma neno kwa neno, hasa majina ya watu.