Re: Birika lina ukoko mweupe na sabuni haitoi povu, maji ya Lamu yana nini?

Pole ndugu na karibu Lamu. Huo ukoko si uchafu, ni chokaa. Maji yetu mengi yatoka visima vya matuta ya mchanga ya Shela, kijiji cha hapa kisiwani, mvua yanywea mchangani yapita kwenye makombe ya baharini na matumbawe yabeba chokaa, ndo mana ukiyachemsha ile chokaa yaganda chini ya birika na waya wa hita unalemewa hadi unaungua. Usikwangue kwa kisu! Tia siki ama ndimu na maji kidogo, chemsha, liache lipoe, utaona magamba yabanduka yenyewe, kisha suuza.

Nguo fua na sabuni ya unga, ya kipande yashikana na chokaa yageuka utando wa kijivu kwenye beseni. Wala usiogope kwa watoto, Shirika la Afya Duniani halijaweka kikomo cha kiafya cha ugumu wa maji, yaani hiyo chokaa iliyomo.

Ila ukionja chumvi hiyo ni habari nyingine, kuchemsha hakuiondoi. Visima vikivutwa sana bahari yaingia chini, na hapo ndo roho yaniuma tukiwacha watu wajenge juu ya matuta yanywayo hiyo mvua ya visima. Mvua ikija kinga ya paa, hiyo pikia chai.