Rauta iko Lindi, wewe uko Mtwara

Mwaka wangu wa kwanza wa kazi hii ya kusimamia intaneti za wateja kwa mbali nililipa nauli ya basi hadi Lindi kwa sababu ya mstari mmoja tu wa amri. Nilikuwa kibarazani Shangani, kompyuta mapajani, naimarisha ulinzi wa rauta (kifaa kinachogawa intaneti) ya kampuni ya MikroTik kwenye nyumba ya wageni ya mama mmoja. Nikaweka amri ya kuzuia yeyote anayeingia kwenye rauta kutoka nje, nikasahau kwamba na mimi niko nje. Wageni wake waliendelea kutazama mpira bila wasiwasi. Aliyefungiwa ni mimi.

Nilipofika akashangaa. "Mbona hukusema unakuja, mwanangu?" Nikamwambia, "Shikamoo mama, nimekuja kukagua tu." Akaniandalia chai. Aibu niliyoinywa siku ile ilikuwa chungu kuliko nauli.

Kwa hiyo, kabla hujagusa chochote kwenye rauta ya mbali, bonyeza Safe Mode, yaani hali ya usalama. Ukijikata mwenyewe, rauta inasubiri dakika kama 9 kisha inafuta ulichofanya, na unarudi ndani bila kupanda basi. Pia usiiache Winbox, programu ya kusimamia rauta za MikroTik, wazi kwa dunia nzima. Mwaka 2018 ulijulikana upenyo uliowaruhusu wezi kusoma nywila za rauta ambazo hazikusasishwa. Mimi sasa rauta ya mteja ndiyo inayonipigia kwa WireGuard, njia ya siri iliyosimbwa ndani ya intaneti, mlango wa nje umefungwa. Njia hii inafaa hata kwa mteja asiye na anwani yake ya umma, yaani anwani ya intaneti inayofikika kutoka nje, na wengi wako hivyo.

Sasa malalamiko ya "intaneti inakokota". Usikimbilie kugawa spidi. Angalia mwanga kwanza. Kifaa cha faiba kinaonyesha nguvu ya mwanga kwa kipimo cha dBm; namba ikizidi kushuka chini ya sifuri, mwanga umedhoofika. Nina daftari la kila mteja: siku ya kufunga ilikuwa -19, leo ni -26. Hapo hata ugawe foleni (zamu za data kupita kwenye rauta) kwa ustadi gani, waya umekunjwa au kiunganishi kimechafuka. Kwenye GPON, aina ya faiba inayofungwa majumbani, ukikaribia -27 mambo huanza kukatikakatika.

Mwanga ukiwa mzuri ndipo natazama foleni. Msimu wa korosho, mteja mmoja wa Masasi alitaka kuongeza spidi, nikamwomba asubiri. Kumbe kompyuta moja ilikuwa inapandisha picha za kamera za ghala kutwa nzima, na njia ya kupandisha ikijaa, hata kufungua barua pepe kunakuwa kazi. Nikaweka PCQ, aina ya foleni ya MikroTik, ili kila mtumiaji apate fungu lake, kwenda na kurudi, na kikomo nikakishusha kidogo chini ya alichonunua: ana Mbps 20, nikaweka 18. Foleni ikae kwenye rauta yangu ninayoitawala, isikae kwa mtoa huduma. Hakununua kitu.

Mei 2024 ilitufundisha kujua tatizo liko wapi kabla ya kuahidi. Kimbunga Hidaya kilileta mafuriko, barabara ya kwenda Dar ikakatika maeneo ya Somanga. Tarehe 12 mwezi huohuo nyaya za EASSy na SEACOM, zinazopitisha intaneti chini ya bahari, nazo zikakatika. Simu hazikukoma. Nilikuwa napima hatua kwa hatua: rauta ya mteja, kisha Dar es Salaam, kisha nje ya nchi. Dar ikijibu vizuri na nje ikasuasua, namwambia mteja ukweli, nabana video kidogo ili ujumbe na malipo yapite. Mteja anavumilia ukweli kuliko "tunashughulikia".

Na pale kwenye kifaa, uwe na mtu. Mama wa Lindi nilimfundisha taa moja tu, ile ya LOS, inayowaka nyekundu mwanga wa faiba ukipotea. Juzi saa tano usiku akanitumia picha: nyekundu. Nikamwomba achungulie nyuma ya kabati. Fundi wa rangi alikuwa amelisogeza mchana, waya umebanwa ukutani. Akalivuta mbele kidogo, nami nikiwa kitandani nikaona mwanga unarudi -19.