Barua kwa mwanangu: nilivyoondoka Ahero

Mwanangu,

Meseji yako ya Jumapili nimeisoma mara tatu, na ile makala ya kaunsela uliyonitumia pia, ya vile mtoto anavyoshikamana na mama. Unaniuliza kama ni kweli uliingia kwa mambo ya mpango wa kando juu nilikuacha kwa dani, nyanya yako mzaa baba, ukiwa mdogo. Ngoja kwanza nikuambie vile nilikuacha, maana hiyo sijawahi kukuambia vizuri.

Ilikuwa Januari 1989, nimeitwa chuo cha ualimu, wewe una mwaka mmoja na nusu, na dani akasema mtoto asione mama akienda, atalia mpaka augue. Basi nikakunyonyesha, ukalala, nikachukua sanduku nikatokea mlango wa jikoni, viatu nimeshika mkononi, kama mwizi, na ni kwetu. Niliporudi likizo ya Aprili ulikuwa umekaa kwa mkeka na kifuniko cha mkebe, dani anapepeta mchele. Nikakuita. Ukaniangalia, ukaangalia kifuniko chako, ukaendelea kukizungusha. Hukulia hata kidogo. Majirani wakasema ona mtoto mpole, hasumbui. Mimi nikaenda nyuma ya nyumba nikalia.

Kwa hivyo unaelewa vile nilishtuka kusoma humo juu ya Mary Ainsworth, yule mwanasaikolojia alikuja hapa tu Uganda 1954 akaangalia mama 26 na watoto wao vijijini karibu na Kampala, halafu baadaye kule Marekani akaona kuna watoto mama akirudi wanageuza uso wanachezea vitu, na waliokuja kupima baada yake wakapata moyo wa huyo mtoto unaenda mbio. Unaenda mbio! Na mimi miaka hii yote naambia watu ulikuwa mpole.

Hao wanasaikolojia wengine, Hazan na Shaver, 1987 wakasema hata mapenzi ya watu wazima yanaweza kushika njia hiyo ya mtoto na mama. Kaunsela anasema anayekwepa huwa anaacha mlango wa nyuma wazi, na anayeogopa kuachwa anaweza kutafuta huko nje mtu wa kumwambia bado anapendwa. Sawa. Lakini baba yako alibebwa mgongoni na mamake mpaka karibu aende shule, na unajua yale tulipitia 1996. Yeye tumwekee jina gani? Na dada yako alilelewa na dani huyo huyo, ametulia kwake miaka kumi na tano. Lakini pia yeye nilimuaga, nilikuwa nimejifunza, akalia mpaka barabarani, sasa sijui hiyo tuiweke wapi.

Mimi unanijua, kuondoka si kosa, kosa ni kutoaga. Ulikuwa mpweke huko Eldoret, naamini. Ulimwambia mke wako? Hata mara moja? Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mbili na nilitii mama mkwe, wewe una karibu arobaini. Nilikuwa nimeandika hapa nani alaumiwe, nimefuta. Si kwamba sina la kusema.

Dani aliniambia kabla hajatuacha, baada ya mimi kwenda ulikuwa ukiamka unaenda moja kwa moja kukaa kwa mlango wa jikoni. Wiki tatu. Hilo la kutoaga nakuomba msamaha, mwanangu.

Mke wako alinipigia jana usiku, tukaongea karibu saa nzima, akanieleza kila kitu na sauti yake imetulia kabisa. Hakulia hata kidogo. Mpigie leo.

Mamako